Siku Mama Rosette Alipokataa Kujikuna

Mke wangu Anastasie alikuwa na matende mguu wa kushoto. Watu wa Swima, kijiji chetu, walimwita Mama Rosette mbele yake. Nyuma yake walisema Mama Mguu. Alijua.

Mwaka mmoja wa vita, dawa ya minyoo ya matende ilikuja kwa mtumbwi kutoka mji wa Baraka. Barabarani kulikuwa na askari wa kila namna, wote wakitulinda, kwa hiyo hakuna aliyeweza kupita. Muganga Georgette, muuguzi wetu, alisimamisha ufito wenye alama kwenye ukuta wa kanisa. Dawa ile hupimwa kwa urefu: mfupi vidonge viwili, mrefu vinne. Hakutuficha. Mguu uliokwisha kuvimba haurudi. Dawa inaua vitoto vya minyoo ndani ya damu, ili mbu asiwapelekee wengine.

"Basi nitameza," Anastasie alisema. "Rosette iko na batoto bane mu nyumba yangu, na mbu inatukula sisi bote."

Komanda Casimir, mkubwa wa askari waliokaa kijijini, akapita mbele ya foleni. Ufito ukampa vidonge vitatu. Darius, mvuvi, alikuwa amepewa vinne.

"Mi komanda tatu, mutu wa samaki ine?"

"Ni ufito, Komanda."

Akaleta sanduku la risasi, akasimama juu. Akapewa vinne.

Kesho yake asubuhi Anastasie alikuwa amefika mwanzo wa foleni. Komanda akaja anajikuna mgongo kwa mtutu wa bunduki.

"Sumu! Hakuna mutu kumeza tena. Na muganga tunamubeba."

"Ni minyoo inakufa, Komanda," Georgette alisema. "Mwenye nayo mingi anajikuna sana."

"Mi? Minyoo?"

Hapo tuliona afadhali ingekuwa sumu.

Anastasie akajivuta mbele. "Mwanangu, nipe mimi hiyo sumu."

"Meza, mama. Ukijikuna mbele jua haijaingia, muganga anaenda na sisi."

Alimeza vinne, akakaa juu ya sanduku la Komanda. Mchana vidole vya mguu wake vikaanza kujikunja. Jasho likamtoka. Mikono ilibaki mapajani. Alimwuliza Komanda habari za mama yake, za ndugu zake, kama anakula vizuri. Komanda alijibu huku akijikuna kwa niaba ya wote wawili.

Jua likaingia nyuma ya milima.

"Iko dawa," Komanda akasema. "Mumeze." Yeye mwenyewe, akatangaza, aliumwa na siafu. Askari wake wakapanga foleni. Kila mmoja aliomba sanduku.

Nyumbani Anastasie akasema, "Baba Rosette, funga mulango. Leta gunzi."

Nikamkuna mgongo kwa gunzi la mahindi. Alicheka, akalia, akacheka.

"Chini. Kushoto. We mwanaume, miaka yote hii, hata mugongo yangu hauijui?"

Mguu haukupungua. Niliuosha kwa sabuni kila jioni, kama Georgette alivyotuonyesha, nikiukausha vizuri katikati ya vidole, mpaka mwaka jana homa ilipomchukua. Wajukuu wote wanne wana miguu myembamba. Hawatulii.

Gunzi liko dirishani. Rosette akifagia, analiinua, anapangusa vumbi, analirudisha.