Sosi ya Bi Chapchap

Fundi cherehani alijua kunyoosha suruali zilizoshindikana kwa mafundi wengine, lakini moyo wake mwenyewe ulikuwa umefumuka mshono tangu wifi yake ahamie pale nyumbani. Wifi huyu, dada mdogo wa mumewe, alikuwa keshia wa supamaketi, na hakosi kurudi na sosi ya nyanya ya chupa. Anachemsha tambi, anafungua kifuniko kipya, kinalia tak! Anapasha moto, kwisha. Fundi hajamaliza hata kupiga pindo, watu wako mezani. Kimoyomoyo alimbandika jina: Bi Chapchap.

Chupa zenyewe angezivumilia. Kilichomchoma ni Kijino, mwanawe. Mtoto aliyezoea kupekuapekua chakula cha mama yake kama anatafuta sindano, kwa shangazi alilamba sahani.

"Shangazi, ongeza!"

"Rahisi, haraka, na mpishi hajatoka jasho," alisema Bi Chapchap akipakua. "Wifi, wewe endelea kumenya nyanya mojamoja kama unazivua nguo."

Mume akacheka mpaka akapaliwa. Fundi akatamani apaliwe zaidi.

Jumamosi, mumewe na wifi yake walipokuwa kazini, aliacha sketi za wateja zikining'inia. Akamenya nyanya, akakaanga vitunguu mpaka vikalegea, akakoroga sosi taratibu kama mtu anayeroga. Ilipopoa, akaimimina kwenye chupa tupu ya wifi yake, akakaza kifuniko kwa jino na ukucha, akaitanguliza mbele ya nyingine kabatini. Mpango ulikuwa mmoja: waisifu chupa, halafu asimame awaumbue. Hata kusimama kwenyewe alikufanyia mazoezi.

Jioni Bi Chapchap akaitwaa, akazungusha kifuniko. Kimya. Hakuna tak. Akamtupia wifi yake jicho, akanusa, akamimina sufuriani.

Mezani, Kijino hakuinua kichwa mpaka sahani ilipobaki nyeupe.

"Shangazi, ya leo imezipiku zote!"

"Kweli kabisa," mume akadakia. "Hao wa kiwandani wameamka. Mke wangu, onja ujifunze."

Ujifunze! Fundi akasimama. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamejipanga kama vifungo. Ndipo akamwona Kijino akipangusa sahani kwa kidole huku akimkodolea macho shangazi yake, macho ambayo yeye mama mtu hajawahi kukodolewa. Je, akisikia ni ya mama, kidole kile kitasita?

"Nafuata maji," alisema.

Bi Chapchap akamfuata jikoni. "Wifi, chupa yako haikulia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo niwaambie?"

"Thubutu uone!"

"Basi sifa nimeze mimi?"

"Meza. Zikukwame."

Bi Chapchap akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga. Mezani sauti ndogo ikapaa: "Shangazi! Kesho tena ile ile!"

Wakatazamana. Kicheko kikamwisha Bi Chapchap. Yeye na chupa zake zote hakuwa na uwezo wa kuipika ile ile.

Fundi akaichukua chupa tupu, akaanza kuisugua kwa hasira, kana kwamba ndiyo iliyomwibia mtoto.

"Nyanya utaleta wewe," alisema bila kugeuka. "Na kwenye kumenya, mkono wako nisiuone."