Niliyosema Busia Juu ya Moto wa Omuse

Nilienda Busia kwa sababu ya mkono wangu. Kikundi chetu cha waliounguliwa, huku nyuma ya Amukura, kiliambiwa kipeleke watu watatu kwa ofisa wa msaada wa mabati na mbegu. Omuse akaenda kama mwenyekiti. Okiring akaenda kwa sababu ndiye liguru, mzee wa kijiji. Mimi nilichaguliwa kwa sababu mkono wangu wa kushoto umekunjamana mpaka kwenye kiwiko, na walitaka uonekane. Kufungua mdomo hakuna aliyetaka. Majirani walinisindikiza hadi barabarani wakinibembeleza, mama, sema upepo tu. Msaada ule ni wa moto usio na mwenyewe. Ukipata mwenyewe, yeye ndiye wa kulipa, na Omuse hawezi kulipa hata mlango mmoja.

Lakini mwenyewe anajulikana. Miwa ikiungua, trekta ya kampuni ya sukari huja mbio kuikata kabla haijaharibika. Ile mibichi inangoja zamu mpaka inazeeka shambani. Basi Omuse akawasha shamba lake mwenyewe, mchana wa kiangazi, upepo ukivuma kuja kwetu. Okiring alisimama kando yake akimwambia washa, maana miwa yake imepakana na hiyo. Niliwaona kwa macho yangu. Moto ukaruka, ukala nyasi, ukala nyumba, na mama yangu mzee alikuwa ndani, hawezi kutembea.

Asubuhi ya safari tulipanda pikipiki moja, sisi watatu na dereva. Mimi niliwekwa katikati. Njia yote pumzi ya Omuse ilikuwa shingoni mwangu.

Tulipofika Adungosi tulishuka kunyoosha miguu. Omuse akaninunulia soda, akaniuliza habari ya ng'ombe, halafu akasema polepole, "Mama, miwa yangu imechipua vizuri. Safari hii imefika karibu na ukuta wako."

Nikamwambia nimeiona. Okiring akacheka, akasema mimi ni jirani mzuri, sina kelele. Soda nikampa dereva.

Busia tulifika jua likiwa kali, tukapita katikati ya malori na watu wa kubadilisha pesa hadi kwenye ukumbi. Ofisa alikuwa dada mpole, umri wa binti yangu. Alianza na mwenyekiti. Omuse akaeleza kwamba ni vijana waliokuwa wanawinda panya kwenye nyasi, upepo ukawazidi. Hata macho akapangusa. Okiring akasema mambo mengine ni ya Mungu. Ndipo yule dada akaushika mkono wangu.

"Na wewe mama, moto ulitoka wapi?"

Nilifikiria majirani wanaolala chini ya karatasi za nailoni na mvua inakuja. Nikafikiria miwa iliyo karibu na ukuta wangu. Nikamfikiria mama.

"Ulitoka kwa huyu," nikasema. "Na huyu mwingine ndiye alimwambia awashe. Wale walioungua hawakuwasha kitu. Wape mabati. Hawa wawili usiwape."

Omuse aliangalia tu mkono wangu, kama mtu anayepima kuni. Dada akasema watakaa kikao, watatuma jibu. Hakuahidi chochote.

Kurudi, singeweza kupanda pikipiki na wale. Niliomba nafasi kwenye lori nikaenda Malaba kwa dada yangu, anayeuza chai kando ya foleni ya malori. Hapo ndipo woga ulinimaliza. Matangi ya mafuta yamepangana, na chini yake akina mama wanachoma mahindi kwa makaa. Kila cheche ikiruka, na mimi naruka. Dada yangu akaniambia nikae kwake, huko nyumbani watanichoma. Hapa nikiungua, akasema, angalau nitaungua na watu wengi. Tulicheka.

Nilirudi kwa sababu kaburi la mama liko huko. Kijijini hakuna aliyenisalimia. Walisema nimewanyima paa. Mpaka kikao kikaamua walioungua wasilipie kosa la wawili, lori likaja, likashusha mabati na mbegu kanisani, zikagawiwa nyumba kwa nyumba, na kwa Omuse na Okiring wakapita bila kusimama. Waliokuwa hawanisalimii wakaja kunipigilia misumari. Mmoja akasema juu ya ngazi kwamba mdomo wangu una bahati.

Nilichojifunza ni hiki: ukweli unaweza kuleta mabati, lakini hauhamishi jirani. Okiring bado ni liguru. Miwa ya Omuse imenipita urefu, imekomaa, na kiangazi kimeingia. Kila asubuhi nalima ukanda kati ya ukuta na miwa, nisiache hata jani moja kavu, na kabla ya kushika jembe nalowesha kidole kujua upepo unatoka wapi. Watu wananiambia, lala mama, bati haliungui.

Bati haliungui, ni kweli. Mimi si bati.