Kovu la Mama Asumini

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista Mkuu wa hospitali ya misheni pale Masasi alinikabidhi paja la mbuzi badala ya mgonjwa. Mwingereza alikuwa bado anatawala, nami nilikuwa na elimu ndogo na ndoto kubwa ya udaktari. Tulilichuna polepole, tabaka kwa tabaka. Akanieleza kwamba mwili umefumwa kwa tishu, yaani seli za namna moja zilizoshikamana kufanya kazi moja, na aina zake kubwa ni nne: zinazofunika, kama uso wa ngozi, zinazounganisha, kama kano, mafuta na mfupa, za misuli, zinazovuta, na za neva, zinazopeleka habari. Neva aliinyanyua kwa koleo, uzi mweupe tu. Jioni somo lote tulilila kwa ugali.

Wiki iliyofuata alifundisha kovu. Alisema kovu si ngozi ile ya zamani, ni kiraka cha nyuzi ngumu: halioti nywele, halitoi jasho, mara nyingi halisikii. Najua alisema hivyo kwa sababu mwenzangu aliandika. Mimi siku hiyo macho yalikuwa dirishani, najiona nimevaa koti jeupe, natibu Masasi nzima.

Nikapelekwa Newala kuwa dresa, mfunga vidonda, chini ya Dresa Mkuu. Kazi kubwa ilikuwa kutafuta wenye ukoma, ugonjwa unaoharibu neva. Mtu hufumba macho, unamgusa kwa unyoya wa kuku penye baka lililofifia, naye aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Dresa Mkuu alinionya, "Mwenye ukoma hujitetea. Usiusikilize mdomo, isikilize ngozi."

Ndipo akaja Mama Asumini kutoka Mkunya, mtoto wake mchanga mgongoni, analeta kikohozi tu. Nikaona baka jeupe mkononi, juu ya kiwiko. Nikamfumbisha macho, nikapitisha unyoya mara tatu.

"Umeguswa wapi, mama?"

"Sijaguswa bado, Bwana Dresa."

Moyo uliniruka kwa furaha, Mungu anisamehe. Niligundua peke yangu! Akaniambia taratibu kwamba pale palichanjwa nembo, chale za mapambo, alipokuwa mwali, pakaoza, tangu hapo hapasikii.

"Wote mnasema hivyo," nikamjibu, nikaandika jina lake.

Alipelekwa kambi ya wakoma bondeni. Watoto hawakuruhusiwa, kwa hiyo Asumini alibaki kwa bibi yake, akanyweshwa uji. Mama yake alipanda lori, kifua cha nguo kimelowa maziwa.

Mwaka mzima ulipita ndipo Bwana Daktari wa misheni akazuru kambi, nami nikafuatana naye. Alimpapasa Mama Asumini neva ya kiwiko, akakata kipande cha ngozi kidogo kama punje ya mtama, akaniita kwenye hadubini. Niliona nyuzi zimelala pamoja kama makuti yaliyosukwa.

"Kovu," akasema. "Hakuna kidudu, na neva yake nyembamba kama yako; ya mwenye ukoma huvimba. Hakukueleza?"

"Alinieleza, Bwana Daktari."

Akaandika barua ya kumruhusu mama atoke. 

Nilimrudisha Mkunya mwenyewe. Asumini alikuwa anatembea, akakimbilia nyuma ya bibi yake na kumwita bibi huyo "mama". Maziwa yalikuwa yamekauka zamani. Majirani hawakutaka kuchota maji kwa kata moja naye. Nikaichukua kata aliyonywea yeye mbele yao, nikanywa yote. Wakasema dresa ana dawa zake za kujikinga.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo, hata bendera ilipobadilika, na vijana wengi nimewafundisha kuuliza historia ya kila kovu kabla ya kulipima. Udaktari sikuupata, wala siulilii. Ninalolilia ni jingine. Mama Asumini hakunitupia neno baya hata siku moja. Aliendelea kuja kwenye zahanati yangu mpaka nikastaafu, ananiamkia vizuri, ananiulizia wanangu. Ila kila nilipomsogelea, hata kama nampa vidonge tu vya homa, alikuwa anafumba macho bila kuambiwa, na kunyoosha mkono.