Kila Kipande na Kiti Chake

Stanislas hakujua kukaa. Kanisani alitoka kabla ya baraka ya mwisho, na mezani alikula mguu mmoja ukiwa nje ya mlango. Mama yake, Mama Berthe, ambaye nyonga zake mbovu zilimlazimisha kukaa kwa niaba ya ukoo mzima, alikuwa akimwambia kila siku: "Ikala chini kwanza, Stani. Dunia haina pahali inaenda."

Kilichomnyima raha ni magari ya jeshi. Wala si mapya, hapo angalau tungemwelewa. Mafundi wenzake wa Butembo walitengeneza Fuso na Hilux za wafanyabiashara, kazi yenye ugali ndani yake. Yeye alisubiri kusikia kwamba kuna lori la askari limeoza porini tangu miaka ya baada ya Uhuru, na hapo usingizi unamruka mpaka aende akaliguse kwa mkono wake.

Mwaka 1997 aliipata jeep moja ya zamani huko Alimbongo kwenye milima ya baridi, katika shamba lililoachwa na Mzungu. Kuku walikuwa wakitaga chini ya usukani. Aliinunua kwa ng'ombe mmoja na cherehani. Ng'ombe alikuwa wake. Cherehani ilikuwa ya mke wake, Kavugho, na kwa wiki tatu nyumba yao ilikuwa na baridi kuliko Alimbongo kwenyewe.

Miaka miwili aliihangaikia. Alikwangua kutu kwa mchanga, akachonga gasketi kutoka bati la shaba, akaagiza ringi za pistoni kwa madereva wa Kasindi, wakamletea zisizofaa, akaagiza tena. Rangi ya jeshi aliifunika kwa ile ya bluu iliyobaki baada ya kupakwa milango ya parokia. Injini aliiwasha mara tatu tu, tena wakati mashine ya jirani inasaga mahindi, ili kelele imeze kelele. Barabarani hakuitoa hata siku moja.

Sababu kila mtu aliijua. Mwaka 1996 askari waliokuwa wakikimbia walipita mjini na kuchukua chochote chenye magurudumu, na waliokuja baada yao hawakuwa na tabia tofauti. Gari zima lilikuwa gari la askari ambao hawajalifikia bado. Kwa hiyo Stanislas akaifungua jeep yake na kuitawanya. Magurudumu yote manne alimpa Bilali, msafirishaji asiye na lori tena, naye akayazika chini ya banda la mbuzi. Betri ililala chini ya kitanda cha Solange, muuguzi. Rejeta ilikaa kwa katekista Jean-de-Dieu nyuma ya mavazi ya padri, na kabureta ikazama kwenye gunia la maharagwe la Hulda, muuzaji wa soko. Kipande kidogo kuliko vyote, rota ya delko, kile cheusi kinachogawa moto kwa plagi na bila hicho injini haiwaki, alikiweka mfukoni mwa shati lake. Alikipapasa kila saa, hata akiongea na watu wazima.

Kuficha kipande cha gari la jeshi ni kujitafutia kiboko, kwa hiyo aliwatia moyo wenzake kwa neno tamu. Kila mmoja alimwambia peke yake: "Siku ya kukimbia, mwenye kipande iko na kiti." Alisema hivyo kwa ukarimu wa mtu ambaye hajahesabu viti.

Siku ya kukimbia ikafika, Jumanne moja ya mwaka 2000, asubuhi, mizinga ikisikika upande wa Lubero. Kavugho alikuwa ametangulia na watoto siku mbili kabla, kwa miguu, kwenda kwa kaka yake Oicha. Stanislas alibaki kwa sababu ya mama yake asiyeweza kutembea hata mpaka kisimani. "Nitakuya na Mama ndani ya gari," alimwahidi mkewe. Kavugho aliitazama jeep iliyokaa juu ya matofali, akajitwika mzigo wake akashika njia.

Hakuhitaji kumwita mtu. Walikuja wenyewe, kila mmoja na kipande chake. Hulda alikuja na mapacha mgongoni na kabureta iliyojaa vumbi la maharagwe. Jean-de-Dieu alifika akihema, kwa maana pumu yake haikupenda rejeta. Solange alibeba betri mkono mmoja na sanduku la dawa mkono wa pili. Wa mwisho alikuwa Bilali, akiviringisha magurudumu pamoja na mkewe Hadjara, mwenye mimba ya miezi saba.

"Mie niko na bipande ine," Bilali alisema kabla hata ya salamu. "Donc niko na biti ine."

"Bilali, iko jeep, haiko basi!"

"Ulisema weye mwenyewe. Kipande na kiti."

Walibishana huku Stanislas akifunga nati, na Bilali akakubali viti viwili, kwa uso wa mtu aliyenyang'anywa mali ya urithi. Stanislas hakumsikia vizuri. Mikono yake ilikuwa ikienda yenyewe. Alikuwa na furaha, tena furaha ya aibu, mizinga inalia na yeye anafunga kabureta kama bibi harusi anavyofungwa kilemba. Leo jeep ingetembea.

Kisha akalala chini kutazama springi. Jani moja, bapa mojawapo la springi hiyo, lilikuwa limevunjika zamani, naye alilifunga kwa waya wa chuma. Alijua kabisa linabeba uzito gani. Alitoka uvunguni akajifuta mikono.

"Batu sita," alisema. "Wa saba, springi inakatika kabla ya Maboya, na bote tunabakia mu njia."

Solange ndiye aliyehesabu kwa sauti. Bilali na Hadjara, wawili. Hulda, watatu, mapacha watapakatwa. Jean-de-Dieu. Yeye mwenyewe. "Na weye Stani, sita." Akageuka polepole. "Na Mama Berthe?"

Mama Berthe alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, furushi la nguo magotini, tayari kwa safari tangu alfajiri. Miaka yote, akilini, Stanislas alikuwa amemwona mama yake kando yake kwenye jeep, na yeye mwenyewe kwenye usukani. Hakuwahi kuwaweka wote wawili katika hesabu moja na wenye vipande.

"Miye nitabakia," mama alisema. "Nani atapiga muzee?"

Dereva mwingine pale alikuwa mmoja tu, Bilali, na Bilali akainama kukaza nati zilizokwisha kukazwa. Stanislas angeweza kumwambia: shuka, tembea, jeep ni yangu. Lakini ahadi ni deni, na magurudumu yalikuwa yamekaa chini ya mbuzi wa Bilali miezi kumi, askari wakipita juu yake. Aliitazama jeep. Aliutazama usukani. Aliwaza. Aliwaza kwa muda mrefu kuliko anavyopaswa kuwaza mtoto wa mtu, na alipoinua macho, mama yake alikuwa anamtazama.

Akatoa rota mfukoni, akaitia kwenye kiganja cha Mama Berthe na kuvifunga vidole vyake.

"Hii iko kipande yake," aliwaambia. "Na yeye iko na kiti."

Walimbeba mama mpaka kiti cha mbele, naye akampa Bilali rota kwa mkono wake mwenyewe. Bilali akaifunga mahali pake, injini ikashika mara moja. Stanislas alisimama barabarani akaiona jeep yake ikienda, nzima, bluu, ikiyumba kidogo upande wa springi, na akasikia wivu wa kweli kwa kila aliyekaa ndani. Mkono wake ulikwenda mfukoni. Hapakuwa na kitu. Akaanza kutembea.

Alilala Maboya, akafika Beni, mji ulio kabla ya Oicha, jioni ya pili na miguu iliyovimba. Mama yake alikuwa kwenye mkeka uani kwa ndugu za Hadjara, alikoelekezwa. Jeep haikuwapo.

"Baaskari baliikamata pa barrière, kwa ile miti banafunga nayo njia," alisema. "Bilali alitoa kipande kabla bafike, akanipa. Baliisukuma tu kwa mikono." Akafungua fundo la kitenge, akamtolea rota. "Kamata."

Stanislas hakuipokea. "Mama, ile siku, mie niliwaza."

"Niliona."

"Niliwaza sana."

"Niliona, Stani. Nilikuwa nakutazama." Akaisogeza rota pembeni, akapiga mkeka kwa kiganja. "Ikala chini."

Akakaa. Mama akaivuta miguu yake iliyovimba, akaiweka mapajani mwake na kuanza kuikanda, na Stanislas hakuinuka mpaka alipomaliza.