Hodi ya Dirishani

Kazi ya kuosha vioo nilifundishwa na mzee mmoja wa Kipemba, tulipokuwa wote watumishi wa hoteli moja karibu na bandari ya Tanga. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nami ni kijana niliyetoka Kigombe na nguo za kubadili mara moja tu. Mzee yule hakuwa msemaji. Alinionyesha namna ya kuchanganya siki kidogo na maji ya bomba, maana maji ya visima vyetu yana chumvi, yakikauka huacha madoa meupe kioo kizima. Alikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakibana kwenye ubao mwembamba, akanifundisha kuyavuta maji kutoka juu hadi chini bila mkono kusita. Mwisho unapangusa pembe kwa gazeti kuukuu. Akiridhika, anahamia dirisha la pili.

Hoteli ikauzwa. Mwenyewe mpya alikuja na watu wake, sisi tukatoka. Mpemba akarudi kwao kwenye mikarafuu, akaniachia ule ubao wenye mpira. Nami nikabaki mjini na ndoo, ubao, na mke niliyekuwa nimemwoa juzijuzi tu.

Mke wangu alikuwa Mbondei wa upande wa Muheza. Wazee ndio waliotukutanisha, na tulikuwa bado tunaoneana haya. Tulipanga chumba Nguvumali. Jioni alinipakulia chakula, kisha akakaa upande wa pili wa mkeka, macho mlangoni. Nikimwuliza jambo hujibu neno moja tu. Nilipomwambia kwamba sitatafuta tena kazi ya kuajiriwa, kwamba nitazunguka mjini kuosha madirisha ya watu, alinitazama kidogo akasema, "Haya."

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Niliazima ngazi kwa jirani yangu fundi rangi, nikaibeba begani tangu Nguvumali hadi barabara ya madukani, na kila niliyemwendea alinishangaa. Muuza baiskeli aliniambia kioo chake huoshwa na masika. Karani mmoja alidhani naomba sadaka, akanitoa mlangoni kwa upole kama wanavyotolewa maskini waombao kila Ijumaa. Kule Raskazone mama mmoja wa Kizungu alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaniambia asante, akafunga mlango, na nyuma yake nikasikia komeo. Wengi waliuliza swali lile lile: kwani nyumbani kwetu hamna watu wa kupangusa? Mtu anayepita mbele ya kioo chake kila siku haoni kwamba kimechafuka, kwa sababu kimechafuka polepole, na yeye yupo.

Aliyenikubali kwanza alikuwa Mwarabu mwenye duka la vitambaa. Duka lilikuwa chini, familia ikikaa ghorofani. Nilimkuta ameketi mlangoni na tasbihi yake.

"Kioo changu kina nini?" aliniuliza.

"Kina vumbi, bwana."

"Hilo si vumbi. Hiyo ni chumvi ya bahari."

"Vyote viwili, bwana. Na moshi wa malori ya mkonge."

"Kwa hiyo wewe umekuja kuniondolea bahari?"

Watu wawili waliokuwa wakichagua vitambaa wakacheka. Nadhani ni kwa ajili yao alisema, "Haya, osha hiki kimoja cha mbele. Nikiona mkwaruzo, ngazi hiyo naitia moto."

Ngazi haikuwa yangu, basi nilikiosha kioo kile kwa uangalifu ambao sijawahi kuurudia. Nilipomaliza, Mwarabu alitoka nje, akarudi nyuma hatua baada ya hatua hadi katikati ya barabara, mpaka mpanda baiskeli akampigia kengele. Hakumjali. Alikuwa akitazama kanga zilizotundikwa dirishani.

"Ile nyekundu," alisema. "Nilidhani imeliwa na jua."

Akanielekeza juu kwa kidevu. "Panda. Osha na madirisha ya ghorofani yote." Akaingia dukani, kwani wateja walikuwa wakimsubiri.

Alichosahau ni kuwaarifu wa ghorofani. Huko aliishi mama yake mzazi, bibi mkubwa, mjane, ambaye magoti yalikuwa yamemzuia kushuka ngazi kwa muda mrefu. Nilipanda, nikafika dirisha la kwanza, nikatokeza kichwa. Dirisha lilikuwa wazi. Bibi alikuwa ameketi kichwa wazi, anaosha mchele. Alinitazama, nami nikamtazama, kisha nikasikia "Mwizi!" na beseni zima la maji ya mchele likanijia usoni.

Sikuanguka, alhamdulillahi, lakini nilishuka haraka kuliko nilivyopanda. Barabara nzima ilikuwa ikicheka. Mwarabu alitoka mbio, akasikia sauti ya mama yake juu, akashika kichwa. "Nenda nyumbani leo," aliniambia. "Nenda tu." Nikaenda, na njia nzima hadi Nguvumali nilijiambia kwamba kazi hii imekwisha. Nani atanifungulia mlango tena, mwanamume aliyepanda kuchungulia wanawake wa watu?

Mke wangu alikuwa uani akichochea moto. Aliniona nilivyolowa, akainuka. Nikamweleza yote, nikitaraji anionee huruma. Alisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa pembe ya kanga. Nilipofika kwenye beseni, alishindwa. Alicheka mpaka akakaa chini, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu nimwoe. Kisha alininyooshea mkono akanivuta niketi, akaanza kunitoa punje za mchele kwenye nywele, moja moja.

"Kesho nitakwenda nawe," alisema.

"Kwenda wapi?"

"Kwa huyo bibi. Wewe ulitaka aone uso wa mwanamume dirishani asipige kelele? Hata mimi ningekumwagia. Ndani nitaosha mimi, nje uoshe wewe."

Nilikataa. Nikasema watu watasema nimeshindwa kumlisha mke, namtembeza mjini na ndoo. Akanisikiliza, akaendelea na mchele wake, akasema, "Na wasipokufungulia, watasema nini?"

Asubuhi alijitanda kanga zake zilizo safi tukaondoka pamoja. Hakupitia dukani. Alizunguka nyuma, kwenye mlango wa uani, akapiga hodi kama mgeni wa heshima, akaruhusiwa kupanda. Mimi nilibaki chini ya ngazi ya ndani, nikisikia yote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mke wa yule uliyemwogesha jana."

Nikafumba macho. Kisha bibi akauliza kwa sauti ya chini, "Amekasirika?"

"Hapana, bibi. Ameshukuru. Alikuwa na vumbi jingi."

Kicheko kilichofuata kilimtoa Mwarabu dukani. Mke wangu alikaribishwa kahawa, akaulizwa kwao ni wapi na watu wake ni nani, na ikatokea kwamba bibi katika usichana wake aliwahi kukaa Muheza, anayajua mashamba ya machungwa ya huko. Nilisubiri mpaka miguu ikaniuma. Mwishowe sheria ikateremshwa: mke ataosha ndani, mume nje, na mume, kabla ya kukanyaga ngazi, apige hodi kwa sauti. Asipoitikiwa, asipande.

"Hodi!" nikaita nikiwa barabarani, nimeshika ngazi. Wapita njia wakageuka.

"Subiri!" bibi akajibu juu. Nadhani alikuwa akijifunika. Kisha, "Karibu!"

Nikapanda. Upande wa pili wa kioo alikuwapo mke wangu, gazeti kuukuu mkononi. Kioo kilikuwa kichafu kiasi kwamba nilimwona kama kivuli. Tukaanza. Nilivyokuwa nikivuta maji kwa mpira, naye akipangusa kwa gazeti, uso wake ukawa unaonekana kidogo kidogo, kwanza paji, halafu macho, halafu mdomo uliojizuia kucheka. Doa likibaki alilionyesha kwa kidole: lako hilo. Nami nilikataa kwa kichwa: si langu, ni lako. Akajaribu kwake, likakataa kutoka. Nikajaribu kwangu, likatoka, akanitupia jicho la ushindi. Chumbani kwetu tulikuwa bado hatujui pa kuyaweka macho. Pale ngazini nilimtazama mke wangu mchana kutwa, naye akinitazama, na hakuna aliyeona haya.

Tulipomaliza, bibi alisogezwa na kiti chake hadi dirisha la pembeni, ambalo siku zote hufungwa. Akatazama nje kwa muda.

"Kumbe msikiti wameupaka rangi," alisema. "Tangu lini ni wa kijani?"

Mwanawe akasema ni muda sasa, mama. Akasema, "Na hamkuniambia," lakini hakuwa anagomba. Alikuwa ameshaanza kuwataja waliokuwa wakipita chini, huyu mtoto wa fulani, yule amenenepa, huyu amezeeka.

Kuanzia hapo milango ilifunguliwa na bibi yule zaidi kuliko mimi. Yeye hakutoka, lakini wanawake wa mji walimjia, kwa salamu, kwa maulidi, kwa matanga, na kila aliyekuja aliketishwa dirishani aone. Wakarudi makwao wakatazama vioo vyao. Si kwamba wote walituamini mara moja. Nyumba moja, bwana mwenye nyumba alisimama chini ya ngazi yangu tangu mwanzo hadi mwisho, akikagua macho yangu yanaelekea wapi. Mke wangu, kule ndani, alikuwa akizungumza na wake wa nyumba hiyo, wakamfungulia hata kabati la vyombo apanguse. Tulipotoka, yule bwana aliniuliza tutarudi lini. Nyingine walimtaka mke wangu peke yake. Akawaambia kwa adabu kwamba kioo kina pande mbili. Hodi yangu ikazoeleka barabarani. Watoto waliitikia "Karibu!" hata nilipokuwa nikipita tu na ngazi begani, ngazi ambayo kufikia hapo ilikuwa yangu mwenyewe.

Kisha mke wangu akapata mimba. Alifanya kazi mpaka wanawake wa nyumba zile wakamkataza, wakamletea kiti, wakaosha wao huku yeye akiwaelekeza. Mwishoni akabaki nyumbani, nami nikawa naosha kwa bibi tu. Asubuhi moja nilikuwa nimepanda kwenye madirisha ya bibi, jirani yetu wa Nguvumali alipokuja mbio akinitafuta. Uchungu ulikuwa umemshika mke wangu tangu alfajiri, na mkunga alikuwa amesema jambo hili limemzidi, apelekwe hospitali.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka sauti juu yangu. Bibi alikuwa amesikia kila neno, akatoa kichwa dirishani, kichwa wazi, mbele ya barabara nzima, akamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni. "Funga duka! Toa gari!" Mwarabu hakuuliza. Aliwaacha wateja wamesimama na vitambaa mikononi, akatoa gari lake, tukaenda Nguvumali, tukamchukua mke wangu na mkunga wake, tukafika hospitali. Alikaa nami nje kwenye benchi, tasbihi mkononi, mpaka muuguzi alipotoka kutuambia kwamba ni binti, na mama yu hai. Nililia mbele yake. Akanipa leso yake akatazama pembeni.

Arobaini nzima mke wangu hakufanya kazi, nami nilidhani sitaingia nyumba nyingine yoyote. Nikapita kuwaambia wateja wanisubiri. Yule bwana aliyekuwa akikagua macho yangu alisema, "Kwa nini tusubiri? Piga hodi yako, upande." Wengine nao wakasema hivyohivyo. Walikuja pia Nguvumali, wanawake kwa mabuibui yao, na samli, na uji wa pilipili manga, na nguo za mtoto, chumba kikajaa hadi nikakaa uani. Nami nilipokwenda kwa bibi nikapiga hodi, nikapanda, nilimkuta amesimama upande wa ndani, mkono mmoja umeshika fimbo, wa pili gazeti. Alinionyesha doa kwa kidole: lako hilo.

Mtoto alipopata nguvu tulimpeleka Muheza akaonekane kwa bibi yake mzaa mama. Mama mkwe alikuwa mtu wa heshima kubwa, na tangu mwanzo nilijua hakufurahi sana bintiye kuolewa na mtu asiye na shamba wala mwajiri. Nilikaa kwenye jamvi nimeinamisha kichwa, kama inavyompasa mkwe. Akampokea mtoto, akamgeuza geuza, akamsifu. Kisha akamwuliza bintiye, si mimi, "Na huyu bwana wako, siku hizi anafanya kazi gani hasa?"

Mke wangu alikuwa akimmenyea mama yake chungwa. Hakuinua macho.

"Tunafanya kazi ya vioo, mama," alisema.

Mama mkwe akaguna kidogo, akapokea chungwa. Niliendelea kutazama jamvi, nikimshukuru Mungu kwa ile "tunafanya", na kwa mtu aliyeitamka kama jambo la kawaida tu.