Safu ya Wasiolala

Saa mbili asubuhi, watoto sitini na watatu wa darasa la pili wanasukumana sakafuni. Kila mmoja ameshika kifuniko cha soda. Ubaoni kuna swali moja: nani huamka wa kwanza kwenu?

Ukishasimulia kisa cha kwenu, unapanga kifuniko chako: safu ya mama, ya bibi, ya dada. Ya mama imeshakaribia mlango.

"Bibi yangu ndiye anayemwamsha jogoo!" anasema mmoja. Darasa linaangua kicheko.

Hivi ndivyo mwalimu wao, mjane ambaye mtaa mzima unamwita Mama Vifuniko, anavyofundisha takwimu. "Mpe mtoto namba kavu, anasinzia," anasema. "Mpe bibi yake, atahesabu mpaka umnyamazishe."

Leo swali linarudiwa, na kuna sababu. Wiki iliyopita binti mmoja alisema wao wakienda shule, baba yake ndiyo kwanza anapanda kitandani. Wenzake wakambatiza baba huyo jina: Gogo. Tangu siku hiyo binti hakuonekana darasani.

"Swali langu lilikuwa bovu, halikuwa na nafasi ya mtu yule," anasema mwalimu. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Jana nikaenda kwao, nikaomba radhi."

Mlango unagongwa. Baba mwenyewe huyo, bado kavaa sare ya ulinzi, macho mekundu. Binti kajibanza nyuma yake.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, wanangu. Nasikia mnamjua Gogo. Ndiye mimi." Hakuna anayecheka. "Usiku kucha nalinda ghala. Nyie mkiamka, mimi hata sijalala. Haya, mtaniweka wapi?"

Kisha mtoto aliyeanzisha jina la Gogo anainua mkono. "Mwalimu, tumfanyie safu yake."

Mwalimu anachora mstari mpya. Binti anatoka mafichoni, anaweka kifuniko. Mara wengine wawili wanahamisha vyao: mmoja mama yake ni muuguzi wa zamu ya usiku, mwingine kaka yake anaoka mikate usiku.

Muhula ujao, Mama Vifuniko anataka watoto watunge maswali wenyewe. "Mimi nimeshauliza vya kutosha," anasema.

Binti ameshapata lake: "Nani husubiriwa kwenu?"

Na hangoji wenzake wajibu. "Sisi hatunywi chai mpaka baba aingie."