Nilivyomkimbia Mkamwana Mbele ya Nyangumi

Mnaonicheka hapa Didia chekeni tu, maana habari imewafikia nusu na hiyo nusu ndiyo mbaya: kwamba mzee mzima nilimkalia mke wa mwanangu mapajani, ndani ya boti, wazungu wakiangalia. Ni kweli, nilimkalia. Ila sikilizeni ilikoanzia.

Mwanangu Masanja alikuwa fundi wa mitambo mgodini kule Geita, akapata kazi Norwei (nchi ya baridi, pua unaishika huisikii, lakini hayo tuyaache), akaoa hukohuko binti wa Tanga anaitwa Zuhura, wakanikatia tiketi nikamwone, kisha nao waje Didia. Wakanipeleka kwenye boti ya watalii kuangalia nyangumi wauaji. Nikauliza, "Wanamuua nani?" Masanja akasema, "Sili na samaki, baba. Watu hawana habari nao."

Sasa ninyi mnajua, kwetu Wasukuma baba mkwe na mkamwana hawakai benchi moja, hata mkono hawashikani, ndiyo heshima yenyewe. Zuhura wa watu hajui. Kwao mzee unamkalia karibu umhudumie. Basi akaja na chupa ya chai akakaa ubavuni kwangu, nami badala ya kusema nikanyanyuka kimyakimya nikaenda upande wa pili. Hapo ndipo nilipoharibu. Akanifuata na kikombe.

"Baba, huko kunayumba, njoo nikushike."

Nikahama tena. Tumeizunguka ile boti, nahodha anafoka kwa lugha yake, mpaka nikafika mbele kabisa, hakuna pa kuhamia. Nikamsikia nyuma yangu, ameketi benchi la mwisho, anamwambia mumewe, sauti inakatika, "Masanja, baba hanitaki. Didia siendi."

Moyo ukanipasuka. Kabla sijageuka nimweleze, maji yakafunguka mbele yangu, likapanda pezi refu kuliko mimi, halafu mgongo mweusi unang'aa kama ndama aliyezaliwa sasa hivi, na baka jeupe juu ya jicho, akapumua puuuh! harufu ya samaki ikanijaa usoni. Jamani! Nilirudi kinyumenyume nikipiga mwano, yowe lile la ng'ombe wakiibwa, nikatua mapajani kwa Zuhura, shingo yake nimeikumbatia, chai imetumwagikia wote (ilishapoa, Mungu mwema). Watalii wakamwacha nyangumi wakanipiga picha mimi.

"Baba," Zuhura akasema, "si ulikuwa unanikimbia?"

"Nilikuwa nakuheshimu, mwanangu!" nikajibu, bado nimemshikilia.

Masanja akamweleza mila huku amejishika mbavu. Binti akacheka mpaka machozi.

"Heshima gani ya kutaka kuzama, baba? Mngeniambia, ningekuamkia kwa mbali kwa sauti. Haya, Didia naenda, nikajifunze mengine kabla hujaniumiza."

Basi ndiyo mnaona napaka nyumba chokaa, wanakuja. Boti nimekoma. Na kumhama mtu kimyakimya nako nimekoma: akinikaribia, nitabaki nimekaa, nifungue kwanza huu mdomo wangu mzito nimwambie ninavyompenda, ndipo nisogee.